Neno Ambalo Baba Hakuliandikia Maana

Baba alifundisha shule ya msingi Butiama. Alipostaafu akaanza kukusanya maneno ya Kizanaki kwenye madaftari ya mistari, na alifariki akiwa amejaza manne. Mimi kazi yangu ni ya kompyuta, nikamwahidi Mama kwamba nitayafanya kitabu.

Nilianza nyumbani kwangu Nyasho, mjini, nikiyaingiza maneno kwenye faili la kompyuta. Kila neno nililizungushia alama za kuionyesha kompyuta: hapa neno, hapa maana, hapa mfano. Nikaweka kanuni kwamba neno likikosa maana, kompyuta itoe onyo. Faili jingine, la mitindo, ndilo lingeyapanga yote yawe kurasa. Nilipoliendesha mara ya kwanza, maonyo yalimiminika. Mengi ni uzembe wangu, alama nimefungua sikufunga. Nikayasahihisha moja moja hadi likabaki moja: neno fulani halina maana.

Nikalishuku faili la mitindo. Siku mbili nzima nikalipekua, nikaandika upya nusu yake. Onyo palepale. Ndipo nikafungua daftari lenyewe. Kumbe Baba aliandika neno, nukta mbili, kisha akaacha mstari mtupu, nami nilipoliingiza sikugundua.

Ningeweza kuzima onyo nikaendelea. Lakini Baba hakuwaga mtu wa kuacha kazi nusu.

Jumamosi nikaenda Butiama. Nilimkuta Mama anaanika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Nilipomsomea lile neno, mikono yake ilisimama.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Kwenye daftari la Baba. Hakuandika maana."

"Sasa angeandika nini?" Akacheka, huku anajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Alikuwaga ananiita hivyo, tangu hajanioa. Alilitunga mwenyewe."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia Baba akilitamka.

"Basi nilifute, Mama?"

"Usifute, mwanangu. Kama aliliweka, alitaka liwepo. Ila maana usiandike. Mimi naijua."

Niliporudi Nyasho nililegeza kanuni kwa neno hilo peke yake. Nikaendesha tena, na safari hii hakuna kilicholalamika. Ukurasa wenye neno lile nikauchapa, nikampelekea Mama. Alivaa miwani, akausoma kwa sauti kuanzia juu, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye neno lake kidole kikabaki hapo hapo, macho kwenye karatasi. Nikaingia ndani kuchemsha chai.