Kiti cha Haboba

Jumapili iliyopita dada mmoja alipita katikati ya viti kanisani kwetu, akihesabu waumini kwa simu, na harufu ya mandazi ikanijia puani ingawa hapakuwa na mandazi.

Zamani mwenye kuhesabu alikuwa mama. Akiona mtu hayupo, mchana tunakwenda kwake, kwa hiyo mimi niliamini kwamba kukosa kanisa ni namna ya kualika wageni. Basi nikaomba kimoyomoyo Haboba akose. Haboba, yaani bibi, ndivyo sote kanisani tulivyomwita mzee huyo; aliishi mbali, kijijini Rejaf, na mandazi yake hayakuwa na mfano.

Kweli akakosa. Tulimkuta amejilaza mkekani, chumba kizima kinanuka dawa ya kuchua.

"Haboba, leo hakuna mandazi?" nikauliza.

Mama akanifinya.

"Mwache," Haboba akasema. "Mtoto ametoka mbali."

Akashika ukuta, akainuka, akawasha jiko, akikohoa kila alipopuliza makaa. Nilikula mpaka nikashiba, nikamshukuru Mungu kwa kunisikia.

Alifariki wiki hiyohiyo, nami sikuambiwa. Jumapili nilipoona kiti chake kitupu, nilimvuta mama gauni nikamnong'oneza, "Haboba hayupo. Twende."