Siku Niliyopewa Mimba Kwenye Korido ya Hospitali

Hili nalisema mwenyewe kwa sababu nimechoka kulisikia kwa wengine, maana kila anayelisimulia anaongeza chake, na juzi nimelikuta sokoni Kibondo limeshazaa mapacha. Mimi, Restituta, mjane wa miaka hamsini na moja, fundi cherehani hapa Kasulu, mwimba sauti ya pili kwenye kwaya, nilisimamishwa mbele ya watu wasiopungua arobaini nikapigiwa makofi kwa kubeba mimba. Aibu ile bado ninayo, nimeizoea tu.

Uvimbe kwenye kizazi niligundulika nao nikiwa na miaka arobaini na tano, mume wangu akiwa bado hai. Vilikuwa vivimbe vitatu, wenyewe wanaviita fibroidi, kikubwa chao kama ngumi. Daktari wa wakati ule aliniambia si kansa, na kwamba vinalishwa na homoni zile zile zinazoleta hedhi, kwa hiyo hedhi ikikoma na homoni zikishuka, huenda na vyenyewe vikanywea. Basi nikangoja. Nikavumilia damu nyingi ya kila mwezi, nikamzika mume wangu, nikaendelea kungoja, na kweli nilipofika arobaini na tisa hedhi ikakoma na tumbo likaanza kushuka, mpaka nikapunguza kiuno magauni yangu mwenyewe (hakuna kazi niliyoifanya kwa raha kama ile).

Tatizo likawa joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, na hii Kasulu yetu ya baridi, watu wamevaa masweta, mimi natiririka jasho juu ya kitenge cha mteja. Kulala ndiyo nikasahau kabisa. Jirani yangu wa biashara, Bi Mwantumu, mwenye duka la vitenge ambaye kwao ni Ujiji, akanihurumia. Yeye alishatolewa kizazi miaka ya nyuma na daktari wake alimwandikia vidonge vya homoni kwa ajili ya joto hilo hilo.

"Mimi vimenirudishia usingizi," akaniambia, akinipa pakiti moja. "Lakini usimeze, Mama Edina. Nenda nayo hospitali ukawaulize kwanza. Mambo yako na yangu si mamoja."

Nikamwambia nitakwenda kesho. Kesho yake nilikuwa na sare za shule za kushona, keshokutwa mvua, na siku iliyofuata jasho liliniandama toka asubuhi nikasema potelea mbali, nikameza kimoja. Kosa lenyewe ndilo hilo, halina ukubwa wowote, kidonge kama punje ya mtama.

Joto likaisha. Nililala jamani, nililala kama mtoto! Bi Mwantumu akaniuliza hospitali wamesemaje, nikamjibu wamesema sawa (uongo mtupu, na aliniamini). Pakiti ilipoisha nikapeleka ganda lake duka la dawa, nikauziwa nyingine, na baada ya hiyo nyingine. Mwezi wa nne wa kumeza damu ikarudi, kwanza matone, nikajiambia mwili unarudi ujanani, mtu mzima na akili zangu. Halafu tumbo likapanda. Nikayafumua magauni yale yale niliyoyapunguza. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nikisimama kupima mteja kiuno naona nyota, na pale mtu wa kwaya aliponiuliza kwa sauti ya chini kama nina habari yoyote ya kumwambia, ndipo nikaamua kwenda.

Nilifika hospitali asubuhi, miguu imeshachoka kabla ya kufika mapokezi. Korido imejaa. Benchi la upande wetu, wagonjwa wa kawaida, halina hata nafasi ya kuweka kiganja, na benchi la pili, refu, ni la kliniki ya wajawazito. Nikaegemea ukuta. Binti mmoja wa Kagerankanda, tumbo lake liko karibu kabisa, akaniangalia, akamsukuma mwenzake.

"Mwakeye, mama," akanisalimu Kiha. "Njoo ukae na wewe. Utaanguka hapo."

Nikakaa. Jamani nilikuwa nimechoka, ningekaa hata kwenye benchi la polisi.

Muda si mrefu akaja nesi, mama mnene mchangamfu, anakusanya kadi za kliniki. Akafika kwangu. "Kadi yako, mama?" Nikasema sina. Akaniangalia tumbo, akaniangalia uso. "Hujaanza kliniki mpaka leo?" Sasa hapo mwenye akili angesema mimi si mjamzito, nina uvimbe na natoka damu. Lakini kulikuwa na wanaume waliowasindikiza wake zao, wamepanga mstari ukutani, na mmojawapo nilishawahi kumshonea suti ya harusi. Nikasema, "Nitaeleza nikiingia ndani." Nesi akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeelewa kila kitu.

"Una umri gani?"

"Hamsini na moja."

"Mnasikia?" Akageukia benchi zima, sauti imepanda. "Huyu mama ana hamsini na moja na amekuja, haoni aibu, na wengine mna miaka ishirini mnajificha nyumbani mpaka uchungu! Simama mama wakuone. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Nikasimama (sijui kwa nini nilisimama, nimezoea kutii mtu aliyevaa nguo nyeupe), nikafungua mdomo, nikasema nesi mimi si, makofi yakanifunika.

"Na baba wa mtoto umekuja naye?"

"Mume wangu alifariki."

"Pole sana mama! Mimba ikiwa changa hivi hivi?"

Nami, nimechoka, kichwa kinazunguka, nikajibu nilichoulizwa: "Ana miaka minne sasa tangu afariki."

Mtu aliyekuwa anamenya karanga akaacha kumenya. Nesi akanigusa bega, akasema basi mama, basi, Mungu anajua, na hilo likawa baya kuliko makofi. Ndipo kutoka mwisho wa benchi nikasikia, "Wifi?"

Alikuwa Skolastika, dada wa marehemu mume wangu, aliyeolewa Rungwe Mpya, amemleta mkwe wake kliniki. Amesimama, kitenge kinamdondoka begani, simu tayari mkononi. Nikasema, "Wifi, ngoja nikueleze," nikapiga hatua mbili kumfuata, na kwenye hatua ya tatu nikasikia damu inashuka miguuni, na wote wakaiona sakafuni. Sauti ya mwisho niliyoisikia ni ya nesi akiita kitanda cha magurudumu, "Mimba inatoka! Mimba inatoka!"

Nilizinduka wodi ya wazazi, kushoto kwangu mwanamke anapiga kelele za uchungu, kulia kichanga kinalia. Daktari, dada mdogo mpole wa umri wa binti yangu Edina, alikuwa ananipitishia kipimo cha picha tumboni. Akatazama muda mrefu.

"Mama, hapa hakuna mtoto."

"Najua," nikasema. "Nimekuwa nikijaribu kuwaambia."

Akaniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikasema hapana. Akaacha kuandika, hakukasirika, akaniuliza tena polepole, na hata ya kienyeji, hata ya kupewa na mtu? Nikaona sina nguvu ya kuendelea kudanganya, nikatoa pakiti mkobani.

Akanieleza akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kwamba Bi Mwantumu hana kizazi, kwa hiyo homoni ile moja inamtosha. Mimi kizazi ninacho, na ukuta wake ulihitaji kulindwa kwa homoni ya pili, ambayo haikuwamo kwenye vidonge vile. Na kwamba vile vivimbe vilivyokuwa vimeanza kunywea kwa kukosa chakula, mimi huenda nimevirudishia chakula. "Wengine wanameza dawa za namna hii wakiangaliwa na daktari na uvimbe hausogei," akasema. "Siwezi kukuapia vidonge ndivyo vilivyofanya yote. Lakini damu baada ya hedhi kukoma hatuipuuzi. Nitachukua kinyama kidogo kikapimwe." Sikumuuliza wanatafuta nini. Nilijua.

Kesho yake mchana, saa ya kutazama wagonjwa, akaingia shemeji Gervas, kaka mkubwa wa marehemu, ametoka Mabamba kule mpakani, koti la msibani mwilini, na wazee wawili nyuma yake. Skolastika akabaki mlangoni. Wanakwaya wenzangu watatu walikuwa wameshafika na chupa ya uji, wakijua nimeharibikiwa mimba, hawaniulizi kitu, wananipapasa mikono tu. Gervas hakunipa hata pole.

"Shemeji, sisi tumekuja kuuliza jambo moja. Ni nani?"

Wodi nzima ikageuza shingo. Mpaka yule wa uchungu alinyamaza, nawaambieni. Nilikuwa nimelala na damu ya kuongezewa, ya mtu mwingine, inadondokea mshipani mwangu, na kitu ndani yangu kikasema basi.

"Hakuna mtu, shemeji. Ni uvimbe kwenye kizazi, ulianza kaka yako akiwa hai na alijua. Nilikunywa vidonge vya homoni nisivyoandikiwa, nikatoka damu. Daktari huyo hapo. Dada, nakuruhusu, mwambie, na sema kwa sauti."

Daktari akaeleza, taratibu, mikono ikipima hewani. "Zamani kilikuwa kama ngumi. Sasa kimefikia kama kichwa cha mtoto."

"Umesema mtoto!" Gervas akaruka.

"Ukubwa, mzee! Nasema ukubwa!"

Mwanamke wa kulia, mwenye kichanga, akaanza kucheka, akashika mshono wake akilia huku anacheka, na wanakwaya nao wakashindwa, na mimi nikacheka machozi yakinitoka, sijui yalikuwa ya nini. Gervas peke yake hakucheka. Akavua kofia, akaizungusha mikononi. Nesi yule yule wa korido akapita akisema mgonjwa huyu anahitaji chupa nyingine, ndugu wachangie damu, na wote wakatazama chini. Halafu nikaona shemeji yangu anavua koti la msibani, anakunja shati, na anauliza kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa na mlango uliogoma kufunguka, "Wanatolea wapi?"

Majibu ya kinyama yalichukua wiki kadhaa, wiki ambazo sikushona kitu cha maana, nilikaa nazungusha gurudumu la cherehani tupu. Hakikuwa kibaya. Vidonge niliacha siku ile ile ya kitanda, damu ikakauka, tumbo linashuka pole pole, na daktari amesema lisiposhuka vya kutosha tutazungumzia upasuaji. Joto limerudi lote. Ameniandikia dawa nyingine isiyo ya homoni, inasaidia nusu, nusu nyingine natumia feni ya mkono. Bi Mwantumu nilimwendea nikamwomba radhi. Alilia, akaniambia hatanipa tena hata maji ya kunywa, na baada ya siku mbili akaniletea chai.

Mwezi uliopita Skolastika alikuja dukani na kitambaa cha gauni. Nikampima kifua, nikampima kiuno, na utepe ulipofika tumboni akanishika mkono. Nikahisi mwenyewe, gumu, upande wa kushoto. Akaniambia anatoka damu siku kumi kila mwezi, ni mwaka wa tatu huu, na hajamwambia mtu, na kuna majirani wamemletea vidonge.

"Umemeza?"

"Bado, wifi. Viko kwenye mkoba."

Nikafunga duka saa nne asubuhi, wateja wananitazama, tukaenda. Pale mapokezi karani akauliza mgonjwa ana shida gani, na wanaume walikuwepo, tena wengi. Skolastika akainamisha kichwa. Mimi nimeshaapa kwamba ugonjwa wangu sitaunong'ona tena maisha yangu yote, na siku hiyo niliona kiapo kinatosha wawili, nikamwambia karani kwa sauti yangu ya kwaya kwamba huyu ni wifi yangu, kizazi chake kina uvimbe, anatoka damu, na tunaomba daktari.