Muda Niliompa Chaki

Tik. Mlio huo mdogo nausikia kila siku ya kazi, ninapomwambia mzee fulani pale hospitalini ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi akae. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wenzangu wanapima kwa simu. Mimi napima kwa saa ya chuma ya baba yangu, nikeli yake imechubuka, mgongo wake wa baridi hata wakati wa joto. Ikilia tik, mara nyingi huwa sipo tena wodini. Nipo nyumbani kwetu Rooty Hill, kitongoji cha Sydney, nina miaka tisa, ni Jumamosi mchana, na pazia la sebule limegeuza mwanga kuwa rangi ya chai ya maziwa.

Niwaeleze saa hiyo ilivyotufikia. Baba alitoka Uvira, na kabla hatujahamia Sydney alifanya kazi miaka michache katika mji mdogo wa jimbo la Victoria, kwenye zizi la farasi wa mbio za kuruka viunzi. Siku za mbio alikuwa pia akitengeneza viunzi vyenyewe, akichomeka upya matawi yaliyong'olewa na kwato. Mzee aliyepima muda uwanjani alimpenda, na siku tunaondoka akamwachia saa yake. Huku Sydney mbio za kuruka hakuna, basi Baba akawa anazitazama kwenye televisheni, saa mkononi, daftari gotini. Mchungaji wetu alipopata habari alikuja kutuombea, akidhani ni kamari. Baba akamfunulia daftari: hakuna dau hata moja, ni dakika, sekunde na nukta tu, yaani sehemu za kumi za sekunde. Mchungaji akaondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Kilichomkera Baba ni kwamba hakuuamini muda uliotangazwa. Farasi wa mbio za kawaida hutoka kwenye vibanda, milango inafunguka na saa inaanza yenyewe. Wale wa kuruka huanza wakitembea, bendera inashushwa, na mtu aliye mbali jukwaani anabonyeza kwa mkono. Akipiga chafya tu, nusu sekunde imekwenda. "Bendera kwanza, farasi nyuma," alinifundisha. Saa aliiita krono, kwa Kiswahili cha kwao Uvira. "Krono ikisema uongo, bale bote bamekimbia bure."

Kati ya farasi wa zizi lile alikuwako jike mmoja aliyemlea tangu mdogo. Jina lake la vitabuni lilikuwa refu, hata watangazaji lilikuwa likiwapa shida, lakini Baba alimwita Chaki kwa sababu ya mstari mweupe usoni. Chaki alikuwa akimpekua Baba mifuko kutafuta karoti. Baba akianza habari za Chaki, Mama alikuwa akimuuliza kama yeye ahamie zizini awapishe wawili hao.

Jumamosi moja Chaki alipangiwa mbio kubwa, na siku hiyohiyo Baba akaitwa zamu ya ziada ghalani Smithfield. Aliniwekea saa kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja. "Leo ni wewe. Nikirudi nitakuuliza muda ya Chaki."

Mama alikuwa amelala baada ya kukesha kazini kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo nilizima sauti. Bendera ikashuka, nikabonyeza, tik. Farasi wakawa wanapanda na kushuka kimya kimya, kama nguo kwenye kamba siku ya upepo, na mimi nikawa karibu kusinzia kwa raha. Chaki alikuwa wa tano, kisha wa nne. Kwenye kiunzi cha pili kutoka mwisho alipanda, na upande wa pili hakutokea. Picha ikaendelea na wengine. Kisha, pembeni kabisa ya kioo, nikaona watu wakinyoosha turubai la kijani kuzunguka mahali palepale. Maana ya turubai lile niliijua. Baba aliwahi kuniambia mara moja, na hakurudia: farasi aliyezungushiwa turubai hainuki tena.

Nilipokumbuka kuitazama saa, ilikuwa inakaribia dakika sita na bado inakwenda. Niliirudisha kwenye sifuri. Niliogopa, wala si kuchapwa, maana Baba hakuwa mtu wa kuchapa. Niliuogopa uso wake.

Alirudi jioni na fulana yake ya kazini ya rangi ya machungwa, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Macho yalikuwa mekundu. "Vumbi ya makartoni," akasema kabla sijauliza. "Krono ilisema ngapi?"

"She came fourth, Baba," nikajibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi yetu watoto, na safari hii Kiingereza kilinifaa kujifichia. "Four minutes twelve."

Akalifungua daftari, akatafuta kalamu.

"Na nukta?"

"Seven."

Akaandika polepole. "Umefanya kazi muzuri," akasema, akaenda kuoga, na maji yalimwagika muda mrefu sana.

Baada ya siku ile hakupima tena. Alisema ni zamu, baadaye akasema ni mgongo, na nilipoingia chuo akanipa saa. Uongo wangu niliubeba miaka yote hiyo. Mwezi uliopita, nikimkanda mgongo sebuleni palepale, nikashindwa kuendelea kuubeba.

"Baba, Chaki hakufika. Nilikudanganya."

Hakugeuka. "Najua. Batu ba zizi balinipigia simu kule Smithfield, saa ya chai. Nililia nyuma ya makartoni."

"Sasa nukta uliniuliza ya nini?"

Treni ilipita, madirisha yakatetemeka, akasubiri kelele ziishe.

"Wewe ulikuwa umeshamufikisha," akasema. "Ningemurudisha nyuma namna gani?"

Nilikuwa nimedhani ni mimi niliyemficha Baba asiumie. Kumbe alikuja mlangoni ameshaumia, akaukuta uso wangu mdogo ukimsubiri, akachagua kunificha mimi. Nilikwenda kabatini nikalitoa daftari. Mstari wa mwisho bado upo, dakika nne, sekunde kumi na mbili, nukta saba, mwandiko umenyooka kama mingine. Katika daftari zima, huo ndio muda pekee alioandika akijua si wa kweli.