Bibi Aliyevuka Mbao Bila Mlio

Sitaapa, maana sipendi kuapa ovyo. Lakini haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, saa tisa alasiri, Singida mjini, kwenye uwanja mdogo nyuma ya soko. Nimeyaandika mara tatu kwenye daftari langu na kila mara nimejiuliza: hivi macho yangu yalikuwa mazima? Shule niliishia darasa la saba, mambo ya kitaalamu siyajui. Nitasema nilichoona na nilichosikia. Nisichokijua nitasema sikijui.

Wanafunzi wa chuo walikuja wakatengeneza kitu pale uwanjani. Wenyewe walikiita sanaa shirikishi. Sisi tuliita madebe. Walipanga mbao kumi na mbili kama njia, na chini ya kila ubao wakafukia debe tupu la mafuta ya alizeti lenye kinyundo cha mti. Ukikanyaga ubao, kinyundo kinagonga, debe linalia. Hakuna umeme wala betri. Mtu mzito aliliza mlio mzito, mwepesi mlio mwembamba. Watu walipenda, jamani! Wapagazi wa vitunguu walizunguka makusudi wapite pale. Muuza nyama mmoja mnene alipopita, kijana akapaza sauti, "Oya, lori limeingia!" Mwenyewe akarudi akapita tena. "Sikiliza vizuri wewe, mimi nimepungua!" Hata kuku waliotoroka tengani waliziliza zile mbao.

Mimi nauza chai na maandazi pembeni pale. Wakati huo nilikuwa nakaa na mjukuu wangu Zawadi, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi Dodoma, alimwacha mikononi mwangu. Zawadi alizipenda zile mbao kuliko uji. Mlio wake niliujua hata nikiwa nimegeuka nachota chai: ti, ti, halafu anasita ubao wa tano, halafu ti.

Siku hiyo upepo wetu wa vumbi ulikuwa mkali, watu wachache. Alikuwepo mwanafunzi mmoja tu, Elisha, anaandika mambo yake. Akaja bibi mmoja, kanga mbili, katambuga za tairi miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani kwa Kinyaturu safi kabisa. Sikuona kitu kibaya kwake, na mpaka leo siwezi kusema kilikuwepo.

Akavuka mbao. Zote kumi na mbili. Kimya.

Nielewe vizuri. Sisemi zililia kidogo. Hazikulia kabisa.

"Elisha mwanangu, madebe yamekufa?"

"Haiwezekani, mama. Labda vumbi." Akarukia ubao wa kwanza: dang! Wa pili: dang! Akanitazama, nami nikamtazama. Bibi alikuwa anatabasamu kama mtu mwenye aibu kidogo.

Kisha akanyoosha mikono. "Nipe mjukuu wako nicheze naye."

Hapa ndipo mtanihukumu. Kwa nini nilimpa? Kwetu, bibi akikuomba mtoto ambebe ukamnyima, umemwambia mbele za watu kwamba yeye ni mchawi. Na neno hilo limeshaua vikongwe wasio na kosa lolote. Niliwaza, kwa ajili ya madebe ya wanafunzi nimtie bibi wa watu kwenye neno hilo? Nikaona haya. Nikampa.

Akamweka kiunoni akavuka naye. Kimya. Akarudi naye. Kimya. Akanikabidhi mtoto anacheka, mzima.

"Asante mwanangu," akasema. "Ana miguu mizuri."

Akajifunga kanga vizuri, akapita tena juu ya mbao kuelekea barabarani.

Ti. Ti. Ti, ti.

Niamini, ndugu yangu. Mwili ule wa mtu mzima, katambuga zile, na mlio ule! Ubao wa tano akasita, halafu ti. Kalamu ilimdondoka Elisha. "Mama, si ndivyo anavyotembea Zawadi..."

Nilimshusha Zawadi kwenye ubao wa kwanza nikamshika vidole. Akatembea. Mbao zote, kimya. Akaanza kupiga miguu chini kwa nguvu, anautafuta mlio wake, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuficha.

Tulikimbilia barabarani. Hatukumwona. Kusema haki, lilipita lori na vumbi likatufunga macho, pengine alidandia bodaboda. Sijui. Jioni wenzake Elisha walifukua madebe yote wakakagua, hayakuwa na kasoro. Kabla wiki haijaisha walikuwa wameng'oa kila kitu.

Hospitali walisema mtoto mzima. Kanisani waliomba. Nyumbani Unyambwa sakafu yangu ni ya udongo na mtoto hana uzito, kwa hiyo nilijifariji: nani husikia miguu ya mtoto kwenye udongo? Kwa binti yangu sikusema neno. Hilo ni kosa langu, nimeliandika kama kosa.

Mwezi uliofuata akaja kumsalimia mwanawe. Alimletea viatu vile vyenye filimbi kisiginoni, vinavyolia mtoto akikanyaga. Akamvalisha. Zawadi akatembea kutoka mlangoni mpaka jikoni na kurudi.

"Wameniuzia vibovu hawa!" binti yangu akacheka. Akamvalisha mtoto wa jirani. Vikalia ua mzima kama vifaranga. Akamrudishia Zawadi. Kimya.

Kicheko kikamkauka. Akanigeukia taratibu. "Mama. Mwanangu ulimpa nani?"

Nilimweleza yote. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Asubuhi alimbeba mtoto wakaenda Dodoma. Sasa nikipiga simu siulizi hali, nauliza, "Bado?" Ananijibu, "Bado, mama." Anasema halali vizuri, kila mara anapapasa kitanda, maana Zawadi akishuka, yeye hasikii hatua zake.

Wewe unayesoma, usimnyooshee kidole bibi yeyote kwa maneno yangu, nakusihi. Yule wangu sikumjua. Pengine naye alichukuliwa mlio wake zamani, akachoka kupita duniani bila kusikika. Lakini mtoto uliyeachiwa, moyo wako ukikataa kumtoa, kataa. Sema amelala, sema anaumwa, sema lolote. Aibu ya kumnyima mtu ungeimaliza kwa kumwomba radhi kesho yake. Mimi nilikwepa aibu ile ya dakika moja, na sasa kila siku saa tisa alasiri nasimama pale uwanjani na birika mkononi, nasikiliza miguu ya kila anayepita.