Alhamisi ya Mama

Mama yangu hakuwa mtu wa kupitwa na ngurario, ile sherehe yetu ya ndoa ya kimila. Iwe ya jirani hapo kwetu Ruring'u, Nyeri, iwe ya mpwa wa mteja wake wa mitumba ambaye hata jina hamjui, alikwenda. Akirudi hakutuambia habari za chakula wala za magauni. Alituambia jinsi kijana alivyokata bega la mbuzi, kama kisu kilipata kiungo mara moja au kilihangaika kwenye mfupa, na jinsi msichana alivyolishwa ile nyama mbele ya wazee, akawa mke wa mtu hapo hapo. Utotoni nilidhani anapenda tu nyama.

Sikujua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kulishwa. Alikuja kwa baba na begi moja, wakakaa, tukazaliwa, na kila mwaka baba akasema mwaka ujao ataenda kwao mama, Giakanja, kufanya mambo. Baba si mtu mbaya. Ni fundi wa pikipiki, na kama mafundi wengi, ana kazi nyingi alizozianza.

Mambo yalifichuka nilipopata mchumba. Alikuwa muuguzi Nanyuki, kijana mpole kuliko ninavyostahili, na kufikia wakati huo tulikuwa tumeshapanga kila kitu. Jumamosi moja watu wake wangekuja kwetu kwa ngurario, Jumamosi ya pili tungeingia kanisani. Kadi zilikuwa zimetumwa, tenti zimekodishwa, kamati ya harusi inakutana na kugombana juu ya rangi ya vitambaa. Ndipo mzee mmoja wa ukoo wa baba, aliyekuja kunywa chai na kupanga nani atasema nini, akaweka kikombe chini.

"Na wewe," akamwambia baba, "ya mama ya huyu ulifanya lini?"

Baba akaangalia dari.

"Basi hutakula mbuzi ya msichana kama yako haijachinjwa," mzee akasema. "Hiyo hata wewe unajua."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamume ambaye hajamkatia mke wake nyama hawezi kukaa kwenye kiti akangoja binti yake akatiwe. Nilipandwa na hasira. Niliona tarehe yangu inayeyuka. Nilimkasirikia baba kwa uzembe wake, na mzee kwa kumbukumbu yake nzuri.

Mama hakukasirika. Mama alienda saluni. Kisha akampelekea fundi wa nguo kitenge cha kijani, akashonewa gauni la mikono mipana, akalivaa mbele yangu sebuleni na kuniuliza kama rangi hiyo si ya wasichana. Nilimjibu kwamba iko sawa. Nilikuwa nazungumza na mtu wa tenti kwenye simu.

Siku pekee ambayo wazee walikuwa na nafasi kabla ya Jumamosi yangu ilikuwa Alhamisi. Hakuna mtu hufanya ngurario Alhamisi. Shangazi zangu walisema wameshaomba ruhusa kazini kwa ajili ya siku yangu na hawawezi kuomba tena. Wajomba walikuwa na chai ya kuchuma. Kamati ilimtuma mtu mmoja, naye alikuja kuazima sufuria kubwa za nyanya, mama yake mama, ili zitumike Jumamosi. Wazee walifika Giakanja kwa nyanya na mbuzi wao, wakatazama saa zao, na kumbe hapakuwa na wanawake wa kupika isipokuwa nyanya yangu, ambaye miguu haimbebi tena, mimi, na bibi arusi mwenyewe.

Kwa hiyo mama alipika. Alifunga aproni juu ya lile gauni la kijani, akapandisha mikono mipana hadi kwenye viwiko na kuingia katika jiko la kuni la nyuma. Moshi ukamalizana na nywele za saluni. Nilimwambia, "Mama, kaa nje kidogo, hii ni siku yako." Akanicheka. "Nikikaa nje, mukimo itajiponda?"

Uani, nyama ilikuwa imeiva. Baba alishika kisu mbele ya wazee na kulikata lile bega, na hilo sitamnyima, alilikata vizuri, kisu kikapata kiungo mara moja kana kwamba alikuwa amefanya mazoezi kwa miaka yote ile. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Akasimama na kipande mkononi, akaangalia huku na huku.

"Mwiteni," mzee akasema.

Nikakimbia jikoni. Mama alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili, mahindi na viazi vya mukimo vinaanza kushika chini ya sufuria. "Nakuja," akasema. "Waambie nakuja." Nikarudi, nikawaambia. Tukangoja. Mawingu yalikuwa yameteremka kutoka Nyandarua na mtu mmoja akakumbusha kwamba barabara ya kushuka huwa mbaya ikinyesha. Nikarudi tena jikoni. "Nakuja," akasema mama.

"Basi apelekewe," akasema yule mzee, ambaye ndiye aliyeyaanzisha haya yote. "Si ni mke wake tu? Watu wako na safari."

Baba akasitasita. Niliona alitaka kusema kitu. Kisha akaweka kipande kwenye sahani, mtu akakifunika na sahani nyingine, nami nikapewa nipeleke.

Mama aliipokea kwa mkono mmoja. Akaifunua, akaitazama ile nyama.

"Ni hii?"

"Ni hii."

Akala akiwa amesimama, amenipa mgongo. "Imeiva," akasema, kisha akauchukua mwiko. Huko nje nikasikia wazee wakipiga makofi. Walikuwa wamemaliza.

Jumamosi ilikuwa nzuri na siwezi kudanganya kwamba haikuwa. Walinifunika kwa shuka pamoja na wasichana wengine ili mchumba wangu anitambue, akanijua kwa viatu, watu wakacheka. Alipokata nyama kisu kilihangaika kidogo, akaona haya, akanilisha mbele ya umati wote na wanawake wakapiga vigelegele. Mama alikuwa mstari wa mbele. Alilia mpaka shangazi wakampa kitambaa. Kila mtu alisema mama ya bibi arusi ana furaha, na mpiga picha akamsogelea. Mimi nilijua anacholilia, na kipande cha nyama kikanikaa mdomoni, kikakataa kushuka.

Sasa ninaishi Nanyuki. Jambo hili limeniuma kuliko nilivyotarajia, na kwa muda mrefu nilijiambia linarekebishika. Nyanya bado yupo. Shangazi wangeweza kuja. Mume wangu alikubali, hata baba alikubali, kwa sauti ndogo. Mwezi uliopita nikashuka Nyeri, nikamkuta mama kwenye kibanda chake sokoni anakunja shuka za mitumba, nikamweleza yote. Jumamosi. Tenti. Yeye akae kwenye kiti, asiguse mwiko, aitwe kwa heshima na aje.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulifunguka kidogo nilipotaja kiti, nikadhani nimeshinda. Kisha akatikisa kichwa.

"Ngurario hairudiwi."

"Mama, ile haikuwa ngurario. Hakuna mtu hata alikuona."

"Ilikuwa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemweleza mteja kwamba saizi hiyo imeisha. "Nilishakula, mwari. Si ni wewe uliniletea?"