Chupa Inayofunguliwa Mbele ya Mgeni

Wiki mbili nilikosa usingizi kwa swali moja: Bibi Leokadia alikuwa ananidanganya, au mimi ndiye sikuijua kazi?

Nilikuwa nimemaliza chuo, masomo ya lishe, nikaanza kujitolea katika zahanati moja Nyantakara. Siku ya kwanza mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinikabidhi glukometa, kile kifaa kinachosoma sukari kwenye tone la damu, pamoja na majina ya wagonjwa wa kutembelea. Akaniuliza kama naogopa mbwa. Nililifikiria swali hilo hadi jioni.

Bibi Leokadia alikuwa mmoja wao, mwenye kidonda mguuni kisichofunga. Kila nikimpima, sukari iko juu. Nilimkataza soda, akaapa kwamba hajinunulii hata moja. Sikumwamini. Nyuma ya jiko lake niliona chupa tupu zimejaa kwenye kiroba, nikaenda kumshtaki kwa mfawidhi.

"Umemuuliza ni za nani?" akasema.

Sikuwa nimemuuliza. Ziara iliyofuata niliangalia vizuri. Bibi alileta soda, akaifungua mbele ya macho yangu, akajimiminia nusu, akanywa kwanza, kisha akanipa iliyobaki. Ndivyo mgeni anavyohakikishiwa kwamba hakutiliwa sumu. Kinywaji cha nyumbani hushukiwa. Chupa yenye kizibo haishukiwi. Na wageni wake walikuwa wengi: katekista, majirani, mimi. Kila mmoja wetu alikuwa akimnywesha soda.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa rahisi kuitamka: mgeni akatae soda, aombe kinywaji cha nyumbani. Lakini mama yangu, kule Kibimba, alinilea nisinywe kwa watu kitu kisicho na kizibo. Siku nne nilibishana na nafsi yangu. Je, nikiumwa tumbo kwa bahati mbaya tu, bibi wa watu si ataitwa mchawi?

Ijumaa nilikwenda. Nilimkuta katekista amekaa.

"Shikamoo bibi. Leo usifungue soda. Naomba maji ya mchaichai, bila sukari."

"Marahaba." Alinitazama kama mtu anayetegwa. "Nani kakutuma, mjukuu wangu? Ukiugua huko njiani, atatajwa nani?"

"Nimeomba mwenyewe. Katekista amesikia."

Katekista alisema yeye atasubiri kwanza. Kesho nikionekana mzima, naye atajaribu.

Bibi alimimina, akaonja, akanipa. Nikanywa hadi majani ya chini, nikamnyooshea kikombe, nikaomba kingine.