Dola Ishirini za Kutobeba

Siku ya kwanza Gakii alifika kwenye kibanda changu cha mabegi, katika soko la ndani huku Scarborough, Toronto, akiwa na utepe wa fundi cherehani shingoni. Hakusalimu kwanza, alipima. Urefu, upana, kina, mpaka vigurudumu. Mabegi manane aliyarudisha rafuni. La tisa akaliweka mezani, na hapo ndipo alipouliza hali yangu, hali ya mama nyumbani, kisha bei.

Nikamwambia arobaini na tano. Akasema ishirini. Nilimpenda papo hapo, maana wateja wengi wa mji huu husoma kibandiko cha bei kana kwamba ni amri ya serikali. Katikati ya mvutano nikamuuliza anasafiri wapi. Valencia, Uhispania, akasema, siku tano, yeye na mumewe, mwezi wa pili ambapo tiketi na vyumba ni bei ya kutupa. Tiketi zao haziruhusu mzigo, ila kibegi kimoja kimoja cha kuingia chini ya kiti.

Masikio yakanisimama. Karima, binti wa kaka yangu, anaishi mji wa jirani na Valencia na alikuwa amejifungua. Mke wangu Nilofar alikuwa amemfumia mtoto blanketi kubwa la sufu, na posta walitaka dola hamsini na kitu.

"Chukua kwa ishirini na tano, mama," nikasema, "unibebee kifurushi kidogo tu."

Akafungua pochi, akaweka arobaini na tano kamili mezani. "Bei yako hiyo, mzee. Sibebi."

Tangu nianze biashara sikuwahi kuona mtu akipanda bei mwenyewe. Nikamuuliza sababu, naye akanieleza bila kinyongo huku nikiandika risiti. Yeye hutunza wazee katika nyumba moja kule Malvern. Kwa miaka kumi na tisa kila likizo yake imekuwa Meru, na kila safari ni masanduku manne ya watu: viatu vya mtoto wa fulani, simu ya shemeji, vitamini za mke wa mchungaji. Nguo zake huingia kwenye mkoba. Akifika anagawa mpaka siku ya kurudi, na kusikiliza malalamiko kwamba viatu vinabana. Alipofikisha miaka hamsini akatafuta tiketi isiyomruhusu kumsaidia mtu yeyote. Urahisi wa bei ulikuwa faida ya pili. Alitaka siku tano zisizo na mzigo wa mtu, basi.

Jumamosi akaja mumewe, Mugambi, dereva wa basi la shule, kutafuta begi lake. Mimi ni mfanyabiashara. Mke akikataa, nasubiri mume. Nilimtazama mara moja nikajua huyu hajui kusema hapana. Nikampunguzia, nikamkabidhi blanketi limekunjwa na kufungwa kamba. Lilijaza nusu ya begi. Nikamshauri waache makoti mazito, Uhispania ni jua tupu. Sijawahi kufika Uhispania. Aliniomba tu mama watoto asijue.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa wote wawili, na hayapingani. Chumba kilikuwa ghorofa ya tano bila lifti, sakafu ya vigae, bila hita. Mtu wa Toronto hushinda ndani na fulana huku nje kuna theluji. Hawakujua kwamba nyumba inaweza kuwa na baridi kuliko barabara. Jioni ya kwanza, meno yakigongana, Mugambi akakiri kwamba begini kuna kitu cha joto. Gakii akauliza ni cha nani. Akajibiwa. Akaikata kamba kwa meno.

Tangu hapo blanketi likatembea nao. Walitembea katika bustani ndefu iliyopandwa mahali mto ulipokuwa ukipita, mpaka Mugambi akachoka kuuliza maji yalikwenda wapi. Chakula cha mchana kilikuwa mkate na machungwa kutoka soko kuu, ambako Gakii alipatana kwa vidole mpaka muuzaji akacheka na kuongeza mawili. Walikula kwenye benchi, blanketi likifunika magoti manne.

Siku ya tatu Karima akapiga simu. Namba nilimpa mimi. Amepika pilau, treni ni mwendo wa saa moja tu, wanafika saa ngapi? Mugambi akaanza kuvaa viatu.

Gakii alikuwa akimenya chungwa. "Nenda salama," akamwambia. "Mimi nimebakiwa na siku tatu, na sitoi hata moja."

Mugambi akasimama na kiatu kimoja. Kisha akasema kwenye simu neno ambalo mkewe hakuwahi kulisikia katika miaka ishirini na sita ya ndoa: "Samahani, dada. Hatutaweza." Anasema jasho lilimtoka katika baridi ile.

Waliporudi, Gakii aliniletea blanketi, limefuliwa na kukunjwa. Nikaanza mimi: blanketi la mtoto mchanga, limelaliwa na watu wazima wawili, dola themanini.

"Mzee Nizar," akasema, "ulitaka ishirini na tano pamoja na mzigo. Mimi nikatoa arobaini na tano bila mzigo. Kwa zile ishirini za ziada nilinunua nini?"

Nyuma yake Mugambi alikuwa akichunguza zipu za mabegi kwa bidii sana.

"Ulinunua kutobeba," nikasema.

"Na uliniuzia?"

Themanini nikazifuta. Tukakubaliana: blanketi liwe lake, zile ishirini zibaki zangu, na habari ya makoti haitajwi. Nilofar alifuma jingine huku akininunia, na posta nikalipa hamsini na nne. Mtoto alilipata mwezi wa nne. Mugambi amekwisha kuwakatalia watu wawili kanisani. Wa tatu alimbebea, ila mpaka Ottawa tu, kwa gari.

Nami nilimwomba Gakii picha moja ya safari. Alinipa baada ya kuongezewa kufuli la bure. Wamekaa kwenye benchi, vibegi miguuni, blanketi la mke wangu mabegani, machungwa mkononi. Nimeibandika juu ya rafu ya mabegi madogo. Nimeuza kumi na manne tangu hapo, arobaini na tano kila moja, na sishuki.